Maneno Chini ya Bitana

4 Februari

Kamusi,

Picha yako nimeipata na umekonda. Usinisingizie kazi. Kazi ya kukaa kitini na kupanga maneno kuanzia A haijawahi kumkondesha mtu. Mimi miaka thelathini na moja nasukuma cherehani kwa miguu, na bado kila mwaka nazipanua sketi zangu.

Nakuandikia barua kwa sababu nikikupigia simu unanong'ona, "Shangazi, niko kikaoni," kama mtu aliyefumaniwa anaiba sukari. Na ujumbe wa simu siutaki, herufi zake ni mbegu za ufuta. Karatasi ina adabu zake. Nijibu kwa karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Chuo cha ufundi cha hapa mjini kinatafuta mwalimu wa ushonaji, na Mkuu wa Chuo, ambaye suti zake zote zimetoka mikononi mwangu, ameniambia kwa mdomo wake niombe. Nakitaka kiti hicho. Tangu nilipotaka cherehani yangu ya kwanza sijataka kitu namna hii. Kizuizi ni kimoja: vitabu vyao vyote ni vya Kiingereza, kwa hiyo kila mwalimu anafanya mtihani wa msamiati, tena si Kiingereza cha kuombea chumvi. Ni yale maneno makubwa yenye mikia, ambayo hata wenyewe kabla ya kuyatamka wanavuta pumzi. Mtihani ni tarehe 26 Machi.

Wewe unalipwa kujua maneno yalikozaliwa. Nimekulea tangu una miaka minne, nikakushonea sare saba, na jioni ulikuwa unanisomea vitabu vyako vya shule huku nashona, mimi nakuitikia "ehee" bila kuelewa hata nusu. Sasa nataka kuelewa. Nifundishe. Usinionee huruma, na ukinicheka, chekea mbali na karatasi.

Shangazi yako.

*

15 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Sijacheka. Nilitabasamu kidogo tu pale kwenye ufuta.

Siku tatu nimewaza nianzie wapi, mpaka msimamizi wangu hapa ofisini akaniuliza kama naumwa. Mwishowe nikajiambia, huyu ni fundi, acha nimkabidhi mkasi. Shangazi, maneno yao makubwa hayakufumwa kipande kimoja. Yameungwa. Yana kifua, yana mgongo, yana mikono, na vipande vingi vilikatwa kwenye majora mawili ya zamani sana, Kilatini na Kigiriki. Ukivijua vipande, neno halikutishi tena.

Tuanze na jina lako. "Tailor" limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, kwenye kitenzi cha kukata. Machoni pao fundi hakuwa mtu wa kushona, alikuwa mtu wa kukata. Kwenye jora hilohilo wamekata "detail", yaani kipande kilichomegwa. Sasa chukua "text", maandishi. Limetoka kwenye kufuma. "Context" ni vilivyofumwa pamoja. "Subtle", jambo la hila au la ulaini ambalo halionekani upesi, wengi wanasema ni uzi mwembamba unaopita chini ya mtande, zile nyuzi za urefu. "Rhapsody" ni wimbo ulioshonwa, mshono juu ya mshono. Na "clue" lilikuwa donge la uzi. Wagiriki walisimulia habari za kijana aliyeingia kwenye jumba la vichochoro elfu akiachia uzi nyuma yake, na uzi huo ndio uliomtoa. Kwa hiyo mpaka leo "clue" ni kile kinachokutoa ulipopotea.

Unaona? Miaka thelathini na moja umekaa ndani ya nyumba ya watu hawa, ila hakuna aliyekuwashia taa.

Nitakutumia maneno mapya kila barua. Andika kila neno mara kumi.

Mtoto wa kaka yako.

*

27 Februari

Kamusi,

Barua yako nimeisoma mpaka imeshika harufu ya mafuta ya cherehani. Nilivuka barabara kumwambia Mkasi, yule fundi mwenzangu wa ng'ambo, kwamba kumbe sisi ni wakataji. Akanijibu kwamba yeye anajua siku nyingi, ndiyo maana akaitwa Mkasi. Mtu huyu huwezi kumfurahisha hata ukimletea mvua nyumbani.

Sasa sikiliza. Hiyo ya kuandika mara kumi imenishinda. Nikishika kalamu neno linaingia huku, linatokea kule. Kalamu si chombo changu. Nikatafuta njia yangu. Unaijua bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, tunayoifumua kabla ya kulifunga koti. Basi kila koti nalipa neno lake. Nalishona kwa bandi kwenye kile kitambaa kigumu cha kifuani, natamka huku navuta uzi, halafu naufumua, nafunika bitana, koti linakwenda zake. Neno likishapita vidoleni haliniponyoki. "Clue" nimelishonea koti la posta, kwa yule karani anayepoteza vifurushi. "Rhapsody" ni la mwalimu wa kwaya. Ninapolikumbuka koti, nalikumbuka neno.

Nitafutie neno la mtu anayeinua nyusi kila ukimwambia koti halijawa tayari. Ni la mfamasia, na linataka kuanza kesho kutwa.

Mke wa huyo mfamasia alikuja kuniletea vipimo vya mumewe, akaiona picha yako ukutani, akauliza, "Huyu mrembo ni mwanao?" Nikamjibu kama ninavyowajibu wote: ni wa kaka yangu. Siku za mwisho za mama yako nilimwahidi kwamba nitakulea ila nafasi yake sitaikalia, na sijaikalia. Lakini alisema mrembo, nikaona nikuambie.

Shangazi yako.

*

12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mfamasia nimempatia neno la koti lake. "Supercilious", mtu wa dharau. Kwa Kilatini ni nyusi zenyewe, kwa sababu mwenye dharau hukutazama kutoka juu akiwa ameziinua. Nililipata nikacheka peke yangu kwenye kabati la faili.

Chukua mengine, na orodha zaidi iko nyuma ya karatasi. "Preposterous", jambo la kipuuzi lisiloingia akilini: vipande vyake ni mbele na nyuma, yaani cha nyuma kimewekwa mbele. Ni koti lililovaliwa kinyume, Shangazi. "Companion", mwenzi: mtu mnayekula naye mkate. "Disaster", balaa: nyota mbaya. Na moja la kwako mwenyewe, "candidate", mtu anayeomba nafasi. Waroma waliotaka vyeo walikuwa wanavaa joho jeupe lililopakwa chaki likang'ara. Tarehe 26 wewe ndiye "candidate", na chaki unayo.

Nakutakia mema. Wewe unajibu kila nikikupima, tena kwa mbwembwe, kwa hiyo roho yangu imetulia. Ila swali moja: mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa hivi? Barua ya kwanza ukurasa mmoja, hii ya mwisho kurasa nne, na maneno si mengi zaidi. Au umeamua kuitajirisha posta?

Mtoto wa kaka yako.

*

2 Aprili

Kamusi,

Mtihani umepita. Umepita kando yangu.

Nimepata hamsini na moja, wanataka sitini. Na kwa kuwa uongo umeanza kunichosha, nikuambie pia kwamba hii ni mara ya pili. Ya kwanza ilikuwa Novemba, sikutaka ujue. Mtu anaruhusiwa mara tatu tu. Ya tatu ni tarehe 20 Mei, na baada ya hapo kiti anapewa mwingine. Mkasi naye ameomba, nimesikia.

Kwenye barua ya majibu wameandika neno moja juu ya kazi yangu. "Mediocre". Nimemuuliza mke wa mfamasia, akajifanya hajui, akanishika mkono. Nikajua si neno zuri. Niambie lilikozaliwa, hata kama limezaliwa jalalani.

Mwandiko ni mkubwa kwa sababu kalamu ni nene.

Shangazi yako.

*

10 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ungeniambia ile Novemba. Ningekuja kukaa na wewe hata siku mbili, tukaukasirikia mtihani pamoja.

Neno lenyewe sitakuficha. Linasema kazi ni ya wastani, si mbaya si nzuri, na mtu hulitumia akitaka kukushusha bila kukutukana. Sasa tulifumue. Nusu yake ni "katikati". Nusu ya pili ni neno la kale sana la Kilatini, mlima wa mawe. Mtu aliyefika nusu ya mlima. Aliyeliandika pengine hajui kwamba ameandika hivyo. Lakini mimi najua, na sasa na wewe unajua. Hujakaa chini, Shangazi. Uko nusu ya mlima, tena umepanda ukiwa umebeba cherehani.

Ninachoshindwa kuelewa ni hiki. Maneno haya unayajua. Kwenye barua unanieleza vizuri kuliko vitabu vyangu. Imekuwaje karatasi yao ikushinde?

Mtoto wa kaka yako.

*

24 Aprili

Kamusi,

Kaa chini. Kama umekaa, shika meza.

Juzi mfamasia ameleta koti, kifungo kimelegea. Nikapitisha mkono kifuani kulilaza vizuri, kidole kikagonga kitu. Uvimbe mdogo, kama mshono uliosahaulika. Nikapitisha tena. Nikakifuata kwa kidole, na kidole kikanisomea: S, U, P. Nikaifungua bitana. Neno zima lilikuwa pale, kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, limekaa raha mustarehe. Mfamasia ametembea nalo mjini mwezi mzima.

Nilidhani nimelifumua. Nilivuta bandi za pembeni nikadhani ndizo zote. Nikamwita yule wa kwaya, nikamwambia ni ukaguzi wa bure, nikapapasa: lipo. Wa posta: lipo. Nimepiga hesabu, ni makoti kumi na tisa. Mji huu unatembea na kamusi kifuani na haujui.

Sasa sikia la kuvunja miguu. Wiki niliyopata barua yako ya mlima nilikuwa namalizia koti la mahafali la Mkuu wa Chuo. La buluu iliyoiva, zuri mno. Nikajishonea neno langu ili linikae. Kifua cha kushoto, juu ya moyo wa mtu anayeamua nani apewe kile kiti, nimeandika kwamba ni wa wastani.

Nimemfuata mara mbili. Mara ya kwanza nilisema linataka pasi. Ya pili nilisema nimeota ndoto mbaya kuhusu vifungo. Akanijibu, "Fundi, koti hili silivui hata nikiwa nakula." Akilijua lile neno kabla ya tarehe 20, kazi sina. Nifanyeje?

Shangazi yako, nyota mbaya.

*

1 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe kwanza. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikateremka kwenye kiti, wenzangu wakaja wakidhani nimeanguka, ikabidi niwasomee. Na sasa nikiri yote: wamekuwa wakizisikia barua zako tangu ile ya Mkasi. Kila Ijumaa saa ya chai wananiuliza kama fundi ameandika. Msimamizi wangu, ambaye hajacheka tangu niajiriwe, alisema "ndoto mbaya kuhusu vifungo" akatoka nje kufuta macho. Nilipaswa kukuomba ruhusa. Sikuomba.

Lakini nilipofika nyumbani nikaisoma tena, na kicheko kikaniisha.

Wewe ndiye uliyemrudisha bibi harusi mlangoni kwa sababu ya uzi mmoja uliolegea kwenye upindo wa nyuma. Wewe ulikuwa unaona kola yangu imechafuka kabla sijaingia ndani. Mtu huyo ameacha neno zima la uzi kwenye makoti kumi na tisa? Nikazipanga barua zako zote mezani. Herufi zimekua kila mwezi. Za mwisho zinatosha bango. Nikakumbuka mbegu za ufuta. Nikakumbuka kwamba hilo neno la mfamasia ulilisoma kwa kidole.

Shangazi, unaona?

Mtoto wa kaka yako.

*

9 Mei

Kamusi,

Umenikamata.

Naona watu. Naona rangi. Naona kama unakuja na umekonda. Vidogo ndivyo vimenikimbia: tundu la sindano, uzi mweupe, maandishi ya karatasi ya mtihani, ambayo nadhani wanayaandika kwa wino wa sisimizi. Mara zote mbili nilijibu maswali niliyoweza kuyaona, mengine nikakisia. Hayo hamsini na moja ni ya macho, si ya kichwa.

Mwaka jana daktari wa macho aliniambia miwani itanisaidia kusoma, lakini kushona mkono kutwa nzima basi. Nilitoka pale nikampita Mkasi bila kumsalimia, na miwani sikuichukua, kwa sababu niliona nikiivaa dukani kila mtu atajua. Fundi asiyeona nani atamkabidhi kitambaa cha harusi? Ndiyo maana nakitaka kiti kile. Pale macho yatakuwa ya wanafunzi, na mikono yangu itawaonyesha. Nikikikosa, Kamusi, siijui siku yangu itaanzaje asubuhi. Sijawahi kuamka bila kwenda kushona.

Sikutaka kukuambia kwa sababu ungeacha kazi ukarudi. Nakujua.

Kuhusu hao wenzako, waambie nimewasamehe, na yule msimamizi aniletee vipimo vyake.

Shangazi yako.

*

13 Mei

Shangazi,

Nimetuma hii kwa mtu anayesafiri ili ikuwahi.

Sitaacha kazi. Nililia, nikanawa uso, sasa nakuamrisha kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kesho kachukue ile miwani. Tarehe 20, ukifika mlangoni, kabla hujakaa, waambie ukweli: karatasi yenu siioni, niulizeni kwa mdomo. Hakuna aibu hata chembe. Maneno unayo yote. Umeyashona.

Na la Mkuu wa Chuo, usimkimbize tena na pasi. Mwambie na hilo.

Ulinitetea kwa mwalimu wangu wa darasa la tatu nilipokuwa sioni ubao, unakumbuka? Uliingia darasani na futi ya kupimia shingoni, ukasema, "Mtoto huyu akae mbele." Sasa na wewe kaa mbele.

Mtoto wa kaka yako.

*

23 Mei

Kamusi,

Tengeneza chai, hii ni ndefu.

Nimekwenda na miwani. Fremu nyekundu, zilikuwa za rangi mbili tu na ile nyingine ilikuwa ya kijivu kama wiki iliyokosa Jumapili. Chumba chenyewe kidogo, meza ndefu, watu watatu: Mkuu wa Chuo, mwalimu wa lugha, na katibu wa kuandika. Mwalimu wa lugha kumbe ni nani? Mke wa mfamasia. Miaka yote hiyo nampima, sijawahi kumuuliza anafanya kazi gani.

Nikasimama mlangoni kama ulivyoniamuru. Nikafungua mdomo niseme habari ya macho. Halafu nikaliona lile koti mezani.

Limegeuzwa ndani nje. Bitana imefunguliwa. Bwana mkubwa kumbe amenenepa, akaona haya kuniambia mimi, akalipeleka kwa Mkasi alipanue. Mkasi amefungua, ameona, na mtu yule alivyo, alilibeba koti mpaka chuoni akiwa bado na kastabini kidoleni.

Mkuu wa Chuo akasema, "Fundi, neno hili ni lako?"

Nikasema, "Ni langu, na si lako. Nililishona nikijisema mimi mwenyewe." Nikaketi bila kuambiwa. Nikawaeleza yote, Kamusi. Macho, ufuta, karatasi, Novemba, bandi. Nikasema makoti ni kumi na tisa, hili ni la kumi na nane, na kama mnataka nitayafungua yote bure na kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa, kwa hiyo niliongea vizuri.

Mke wa mfamasia akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Hayo mengine kumi na nane unayakumbuka?"

Nikamwambia, "Mama, mimi siyakumbuki, yako vidoleni." Nikainyoosha mikono mezani kama nina koti mbele yangu, nikaanza. La karani wa posta, kifua cha kulia, "clue", donge la uzi, yule kijana na vichochoro vyake. La mwalimu wa kwaya, "rhapsody", wimbo ulioshonwa. La dereva wa gari la wagonjwa, kushoto, "precarious", jambo lisilo na uhakika, lililopatikana kwa kuomba tu. La mwenye duka la vyombo, ambaye aliniletea kitambaa cha mgongo akidhani ni cha kifua, "preposterous". Nikaona katibu ameacha kuandika anasikiliza. Nilikwenda hivyo koti kwa koti. Wakaanza kunikatiza, wananitupia neno lisilo langu, nikaanza kulifumua palepale kwa vipande: hiki ni mbele, hiki ni pamoja, hiki ni chini. Mawili yalinishinda. La pili nililisingizia Wagiriki, nikasikia wanacheka.

Mwisho mke wa mfamasia akasema taratibu, "Mume wangu ana koti lako. La kijivu."

Sikuwa na pa kujificha. Nikasema, "'Supercilious'. Mtu wa dharau. Ni nyusi." Nikainua zangu juu ya fremu nyekundu kumwonyesha.

Alicheka mpaka akavua miwani yake. Akasema miaka ishirini ametafuta neno la zile nyusi, akalikosa, na yeye ndiye mwalimu wa lugha.

Wakanitoa nje. Nilikaa kwenye benchi la korido nikihesabu vigae. Arobaini na viwili nilipoitwa. Mkuu wa Chuo akasimama akanipa mkono. Themanini na nne, Kamusi. Naanza tarehe 2 Juni. Nikalia mbele yao bila haya, miwani ikajaa ukungu, nikawa sioni tena kabisa.

Halafu akanisogezea koti lake. Akasema, "Hili nilipanulie wewe, Mkasi aliishia kulifungua tu. Na neno liache." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mahafali ni mwezi ujao, na kila mwaka hotuba yangu huwa ndefu mno. Nikiligusa hilo nitakumbuka kukaa."

Mkasi nimemnunulia soda. Bila mdomo wake nisingepewa nafasi ya kusema. Akainywa yote, akasema ilikuwa ya moto.

Dukani nimebandika tangazo: mwenye koti la kuanzia Februari, anayetaka neno litolewe aje. Siku mbili hizi hajaja hata mmoja. Wamekuja watatu wa makoti ya zamani, wanalalamika kwamba wao hawakupewa neno.

Kifurushi kinakuja nyuma ya barua hii. Koti lako, la mwisho nitakaloshona kwa mkono wote. Nimepunguza kiuno kwa ajili ya huko kukonda kwako, ukinenepa nitalipanua. Lina neno. Usilifungue.

Shangazi yako, mwalimu.

*

18 Juni

Shangazi,

Shikamoo, Mwalimu. Nimesoma barua yako ofisini kwa sauti, msimamizi akapiga makofi akiwa peke yake, kisha wote. Vipimo vyake nimeviweka kwenye bahasha hii. Ana mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, anaomba usimwambie mtu.

Koti limefika Jumatatu. Limenikaa utadhani nilikuwa nimesimama mbele yako. Nimelivaa siku nne mfululizo na bitana sijaigusa, kwa kuwa umesema. Lakini hukusema nisipapase.

Jana mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilifumba macho, nikaingiza mkono upande wa kushoto. Nilitegemea neno refu lenye mkia. Nilikuwa nimekwisha kutayarisha Kilatini changu. Nikaipata herufi ya kwanza, M, nikacheka, nikajua umenipa la Mkuu wa Chuo. Kidole kikaendelea. Ilipofika ya tatu nikaacha kucheka. Nikarudi mwanzo nikasoma polepole, mara tatu, kama nilivyokuwa nakusomea jioni.

"Mwanangu."

Kazi yangu ni kusema neno limetoka wapi. Hili sikulitafuta kwenye kitabu chochote. Mama yangu mzazi angekuwepo angeipapasa ile bandi, nina hakika, akakwambia uishone kwa uzi wa kudumu.

Saa ya chai sikuwasomea neno hili. Wameniuliza koti langu lina neno gani, nikawaambia ni la kwetu, halina Kigiriki.

Nakuja tarehe 30. Nipikie kingi.

Mwanao.